Tumwite Nani Anayetafiti Muziki?



Huenda umewahi kumwona mtu huyu. Amefika kijijini siku ya ngoma, ana kinasa sauti na daftari. Mwanzoni hachezi, anatazama. Anauliza ngoma ile kubwa inaitwaje, imewambwa ngozi ya mnyama gani, yule mpigaji alifundishwa na nani. Anataka kujua kwa nini wanawake wamesimama upande ule na wanaume upande huu, na kama wimbo uliokwisha sasa hivi huimbwa wakati wa mavuno peke yake au hata msibani unafaa. Kesho yake anarudi kwa manju, anaomba aimbiwe tena polepole, ubeti kwa ubeti. Watoto wanamwita mwandishi wa habari. Mwenyekiti wa kitongoji anamtambulisha mkutanoni kuwa ni mwanamuziki kutoka chuo kikuu. Mwenyewe akiulizwa anataja neno refu ambalo wengi hawajapata kulisikia: mwanaethnomuzikolojia.

Leo nataka tukae na neno hilo. Jina la kazi si jambo dogo, msikilizaji. Ndilo linaloamua nani anahesabiwa kuwa ndani ya kazi hiyo, na nani anaachwa mlangoni akiitwa mtoa habari. Na katika historia ya utafiti wa muziki wa Afrika Mashariki, walioachwa mlangoni ni wengi mno, na baadhi yao ndio waliokuwa walimu wa waliokaribishwa ndani.

Kwanza maana yake. Mwanaethnomuzikolojia ni mtu anayeuchunguza muziki pamoja na maisha ya watu wanaoupiga, wanaoucheza na wanaousikiliza. Kwa mazoea ya Ulaya, mtaalamu wa muziki alikuwa mtu wa karatasi. Kazi yake ilikuwa kuzisoma noti za watunzi waliokwisha kufa, kuzilinganisha na kueleza namna zilivyopangwa. Huyu wa pili hawezi kuishia hapo, kwa sababu muziki anaoutafuta mara nyingi haujaandikwa. Umo vichwani na mikononi mwa watu. Lazima awafuate, aishi nao, ajifunze lugha yao, ale chakula chao, aonje na msiba wao. Alan Merriam, Mmarekani aliyefanya utafiti wake mkubwa kwa Wasongye wa Kongo mnamo 1959 na 1960, aliandika mwaka 1964 kwamba mtafiti anapaswa kushughulikia mambo matatu kwa pamoja: sauti yenyewe, mwenendo wa watu wanapoitoa sauti hiyo, na mawazo yao juu yake. Akiacha moja, amepata kipande tu. John Blacking, Mwingereza aliyeishi kwa Wavenda wa Afrika Kusini na kuchunguza nyimbo za watoto wao, alikwenda mbali zaidi. Baada ya kuona jinsi jamii nzima ya Wavenda inavyopiga na kucheza muziki, akauliza kwa nini kwao Ulaya watu waamini kwamba kipaji hicho ni cha wachache.

Neno lenyewe si la kale. Mwaka 1885 Guido Adler, msomi wa Vienna, alipokuwa akigawa matawi ya elimu ya muziki, aliweka na tawi la kulinganisha muziki wa mataifa mbalimbali. Kwa miaka sitini na zaidi tawi hilo likaitwa muzikolojia linganishi. Mwaka 1950 Jaap Kunst, Mholanzi aliyekuwa ameishi Java miaka mingi akichunguza muziki wa gamelan, akachapisha kitabu kidogo ambamo alilikataa jina hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kweli: kila elimu hulinganisha, kwa hiyo kulinganisha hakuwezi kuwa alama ya elimu moja. Akapendekeza jina jipya lenye neno la Kigiriki mbele, ethnos, yaani watu au taifa. Mwaka 1955 chama cha wataalamu hao kikaundwa Boston, Marekani, kwa jina hilohilo, likaenea vyuoni duniani, na hatimaye likafika Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Basi likaingia na katika Kiswahili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Tunayo njia ya kuunda majina ya wataalamu kwa kutumia mwana. Anayeshughulika na historia ni mwanahistoria, anayeshughulika na isimu ni mwanaisimu. Kwa hesabu hiyo anayechunguza muziki angekuwa mwanamuziki, na hoja ingekuwa imekwisha. Lakini mwanamuziki tayari ana kazi yake: ndiye anayepiga gitaa, anayeimba, anayepanda jukwaani. Ukiitazama vizuri njia hii ya mwana utaona ina mikono miwili. Mwanahistoria huichunguza historia, haifanyi. Mwanamichezo hucheza, hachunguzi. Mwanasiasa yumo ndani ya siasa, wala hatumdhanii kuwa mwalimu wa somo hilo. Kiswahili kimeacha neno moja libebe uhusiano wa aina zote mbili, na kwa mengi ya maneno hayo hakuna anayepotea. Katika muziki tunapotea, kwa sababu mtu anayeupiga na mtu anayeuchunguza husimama mahali pamoja, siku moja, mbele ya ngoma moja. Ndiyo maana yule mwenyekiti wa kitongoji hakukosea kwa ujinga. Alitumia sarufi aliyonayo, na sarufi ikamfikisha kwa mtu mwingine.

Waliotaka kuepuka mkanganyiko huo wamechukua neno la kigeni zima na kulivisha kiambishi chetu. Mwanaethnomuzikolojia, wingi wanaethnomuzikolojia. Linatamkika kwa aliyezoea. Mimi urefu wake haunisumbui. Tuna maneno marefu kuliko hilo na tunaishi nayo. Kinachonisumbua ni hiyo ethno.

Jaribu kuifasiri uone. Ukisema ni muziki wa makabila, umeacha nje bendi za dansi, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, katika mji ambao vijana wa makabila mengi walikutana. Ukisema muziki wa jadi, umeirudisha kazi yote kwa mababu, kwa kuwa jadi ni ukoo na wahenga. Utafanya nini basi na singeli ya Manzese na Tandale, muziki wa vijana unaokimbia mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, ambao tangu mwaka 2017 santuri zake zimekuwa zikitolewa Kampala na kusikilizwa Ulaya? Huo nao unatafitiwa, na unastahili. Ukisema muziki wa asili, itabidi kwanza ueleze asili inaishia wapi: taarabu ina fidla kutoka Ulaya, udi na ganuni kutoka Uarabuni, mashairi kutoka hapahapa pwani, na hakuna Mzanzibari atakayekubali kwamba si yake.

Linabaki neno kienyeji, na hilo lina kisa chake. Mwenyeji ni mwenye mji, mtu mwenye haki ya kukaribisha. Ni neno la heshima. Utawala wa kikoloni uliwaita wenyeji watu uliowatawala, na taratibu kienyeji kikashuka daraja: dawa za kienyeji zikawekwa chini ya dawa za hospitali, ngoma za kienyeji chini ya muziki. Angalia mpangilio huo wa mwisho. Upande mmoja ngoma, upande wa pili muziki, kana kwamba kinachopigwa Kizimkazi au Bujora si muziki mpaka apatikane mtaalamu wa kukithibitisha. Ethno, hata pale inapotumiwa na watu wema kabisa, inauendeleza mgawanyo huohuo. Anayechunguza nyimbo za kanisani za Leipzig za karne ya 18 anaitwa mwanamuzikolojia. Anayechunguza nyimbo za Wagogo anaongezewa kipande mbele ya jina lake. Watu wa Leipzig nao walikuwa watu wenye mji wao, imani zao na sherehe zao. Kofi Agawu wa Ghana amelipigania jambo hili kwa nguvu kubwa, hasa katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu namna muziki wa Afrika ulivyoelezwa na wengine. Anasema tumezoea kutafuta tofauti kwanza, na tofauti hiyo ndiyo iliyoufanya muziki wetu uonekane kitu cha pekee kinachohitaji elimu yake ya pembeni.

Wapo wanaojibu kwamba ethno haitaji tena watu fulani, inataja njia ya kazi: kwenda kwa watu na kuishi nao. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini tazama njia hiyo ilivyotembea kwetu.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Karl Weule kutoka Leipzig alipita nyuma ya Lindi, katika nchi ya Wamakonde, Wayao na Wamakua, akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Silinda moja iliweza kubeba dakika chache tu. Fikiria ngoma ya kukesha, inayoanza baada ya chakula cha usiku na kuisha jua likichomoza, inakatwa iingie katika dakika mbili au tatu. Mwimbaji anaambiwa asogeze mdomo karibu na pembe ya mashine, aanze sasa, anyamaze sasa. Nta hizo zilikusanywa makumbusho na hasa katika hazina ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900, ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa kumbukumbu za dunia za UNESCO. Huko Berlin aliketi Erich von Hornbostel, na mwaka 1909 akachapisha makala kuhusu nyimbo za Wanyamwezi bila kukanyaga Unyamwezi. Alikuwa na sikio kali na akili kubwa, na mengi aliyoandika bado yanasomwa. Lakini hakuwa na wa kumuuliza. Aliyeimba alikuwa mbali, na katika kumbukumbu za aina hiyo mwimbaji mara nyingi amebaki bila jina; limeandikwa kabila, mahali na tarehe.

Baada yake walikuja waliofika. Na hapa niruhusu nikae kidogo Buganda, kwa sababu kisa cha huko ndicho kilichonifanya nilitazame upya neno tunalolizungumza.

Klaus Wachsmann alikuwa Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi. Aliikimbia Ujerumani ya Wanazi na kufika Uganda mwaka 1937. Tangu 1948 hadi 1957 aliongoza Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, akazunguka nchi nzima akinasa muziki. Alifanya jambo lililokuwa geni kwa makumbusho: ala hazikufungiwa kabatini kama mifupa, ziliwekewa wapigaji wa kuzipiga wageni wasikie. Mmoja wa wapigaji hao alikuwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa amepiga muziki katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda.

Mwaka 1959 akaja kijana kutoka Vienna, Gerhard Kubik, mpenzi wa jazi. Alitaka kuielewa amadinda, marimba kubwa ya Waganda yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya migomba. Watu watatu huipiga. Wa kwanza, omunazi, huanzisha. Wa pili, omwawuzi, hukaa upande wa pili akitia mapigo yake katika nafasi zilizoachwa wazi na mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, hushika vibao viwili vya mwisho na kurudia humo yale yanayopita katika mapigo ya wenzake. Hakuna hata mmoja wao anayepiga wimbo mzima. Ukisimama pembeni ukasikiliza, utasikia nyimbo ambazo mkono wa mtu yeyote kati yao haukuzipiga. Zinazaliwa katikati yao. Kubik angeweza kusikiliza santuri mwaka mzima asigundue zinatoka wapi. Muyinda alimkalisha, akampa mapigo ya upande mmoja, akamzoesha mpaka mikono yake ikaweza kushikana na ya wengine. Mwaka uliofuata Kubik akaandika makala iliyoeleza muundo wa muziki huo, na makala hiyo ikamjengea jina. Aliendelea kuwa mmoja wa watafiti wakubwa wa muziki wa Afrika, na kwa haki yake nasema daima alimtaja Muyinda kuwa mwalimu wake.

Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali likalivamia jumba la Kabaka pale Mengo. Wapigaji wa mfalme wakatawanyika, ala nyingi zikateketea au kupotea, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Muziki wa jumba lile uliponea kwa waliokwisha kufundishwa nje ya jumba na katika sauti zilizonaswa kabla. Nakala za sauti za Wachsmann, zilizokuwa zimehifadhiwa London, zimerudi Makerere kwa juhudi za Sylvia Nannyonga-Tamusuza, Mganda ambaye mwenyewe ni mtafiti, na ambaye mwaka 2005 alichapisha kitabu kuhusu baakisimba na namna ngoma hiyo inavyotenga nafasi ya mwanamke na ya mwanamume.

Sasa niambie, msikilizaji. Muyinda aliujua muziki ule, aliweza kuueleza, alibuni namna ya kuwafundisha wasiozaliwa ndani yake, na alijua upi ni wa shughuli ipi na ulitungwa kwa sababu gani. Kipi kilimkosesha jina la mtafiti? Alikosa cheti, na alikosa makala yenye jina lake juu. Neno tulilolipokea halina mahali pa kumweka. Katika vitabu vya zamani watu wa namna yake waliitwa watoa habari.

Wala si kwamba hapakuwa na Waafrika walioandika. Mwaka 1955, mwaka uleule chama cha Marekani kilipoundwa, Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alichapisha New York kitabu kizima kuhusu muziki wa kwao, akiwa na nyimbo alizoziandika kwa noti na maelezo ya kanuni zake. Mwaka 1963 Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha utafiti wake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akiuliza ni kipi kinachouzuia wimbo wa mtu mweusi usiingie kwenye misa. Kenya kuna George Senoga-Zake na kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya muziki wa makabila ya nchi hiyo, na kuna Washington Omondi aliyeichunguza thum, kinubi cha Wajaluo. Huko magharibi ya bara alikuwapo Kwabena Nketia wa Ghana, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97, na ambaye kitabu chake cha 1974 kuhusu muziki wa Afrika ndicho wengi wetu tulichoanzia. Historia ya neno hili inayosimuliwa kupitia Vienna, Berlin na Boston peke yake ina upungufu.

Kuna kundi jingine ambalo jina hili hubandikwa bila uangalifu: wakusanyaji. Hugh Tracey alizunguka Afrika ya kusini, kati na mashariki kwa gari lenye mitambo, mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na akatoa mfululizo wa santuri 210. Alipita Tanganyika na Kenya mwaka 1950. Miaka miwili baadaye, mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, alimrekodi kijana aliyekuwa akipiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mwimbaji wa Kiswahili cha Katanga. Bila Tracey huenda tusingeusikia kabisa wimbo wake Masanga. Kazi hiyo ni kubwa, na jina lake ni ukusanyaji na uhifadhi. Aliyeketi baadaye na santuri za Bosco, akaeleza kidole kwa kidole namna gitaa lile lilivyopigwa, alikuwa David Rycroft, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkusanyaji huleta sauti nyumbani. Mtafiti huuliza sauti hiyo inafanyaje kazi na ina maana gani kwa wenyewe. Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote mbili, ila tusiziite kwa jina moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Tofauti hiyo hujitokeza waziwazi sauti zinaporudi. Mwaka 1950 wasichana wa Kikipsigis, Kapkatet, walimwimbia Tracey wimbo uitwao Chemirocha. Ulimhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao, na jina lake likageuka na kuwa hilo. Kwa miongo mingi wimbo huo ulipendwa na wasikilizaji wa mbali, nao walioimba hawakuwa na nakala. Miaka ya 2010 maktaba ya Tracey na wenzao wa Nairobi waliokuwa wakiongozwa na Tabu Osusa wa Ketebul Music wakaanza kuzirudisha rekodi hizo kwenye vijiji zilikotoka. Kurudisha ni sehemu ya maana ya kazi hii. Mimi ningependa tusimpe mtu jina la mtafiti wa muziki kama anachukua tu.

Sasa tugeukie hazina yetu. Kiswahili hakikungoja chuo kikuu ndipo kiwape majina wajuzi wa muziki. Sogora ni mpigaji ngoma aliyebobea, anayejua msondo unasema nini, chapuo inaitikia wapi, vumi inaingia saa ngapi. Manju hutunga na kuongoza wimbo, na kichwani mwake mna kumbukumbu ya mashindano yote ya ngoma yake, nani alishinda na kwa ubeti upi. Mtribi ni wa taarabu. Kungwi anaijua ngoma ya unyago na nyimbo zake na siri zake, na anajua pia yupi hapaswi kuzisikia. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini Unguja nzima ilimheshimu vilevile kwa unyago. Ndani ya maneno haya umo ujuzi wa kutafiti: kusikiliza kwa miaka, kulinganisha, kukumbuka, kurekebisha kosa la mwanafunzi na kueleza kwa nini ni kosa. Hukwe Zawose, Mgogo, alipofundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, wanafunzi walipata kwake ilimba na zeze, na pamoja nazo maelezo ya Ugogo ambayo hakuna kitabu kilichokuwa nayo.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba sogora na mtafiti ni mamoja. Sogora hawajibiki kumweleza mtu wa mbali. Anaweza kuijua ngoma yake peke yake na asione haja ya kujua ya jirani. Mtafiti analazimika kuweka anachokijua mahali ambapo mwingine anaweza kukikagua na kukipinga. Hilo ni jukumu tofauti, linahitaji jina tofauti, na jina hilo lazima liwe pana kiasi cha kumpokea sogora siku anapolibeba.

Kwa hiyo nasema hivi. Vyuoni, mahali ambapo shahada lazima ziitwe kwa majina yanayotambulika nje, ethnomuzikolojia ibaki, iandikwe kwa tahajia yetu na isemwe bila haya. Lakini katika magazeti, redioni, kwenye mabango ya matamasha, na katika vitabu vya shule, tuseme mtafiti wa muziki. Ni maneno tuliyonayo, mtoto wa darasa la tano anayaelewa, na hayamgawi mtu anayechunguza Mozart na anayechunguza bugobogobo ya Wasukuma. Ikiwa lazima kueleza zaidi, tutaje anachokitafiti: mtafiti wa taarabu, mtafiti wa muziki wa dansi, mtafiti wa nyimbo za kazi. Na panapotakiwa kuonyesha kwamba anaangalia maisha pamoja na sauti, mtafiti wa utamaduni wa muziki linatosha, ijapokuwa ni refu. Tusimwite mwanamuziki kama hapigi; akiwa anapiga pia, na wengi wanapiga, tumtaje kwa yote mawili. Tusimwite mhakiki, mhakiki hupima ubora wa kazi ya msanii, mtafiti huenda asiseme kabisa kama wimbo ni mzuri. Na yule aliyemfundisha tuache kumwita mtoa habari. Tayari tuna neno mwalimu, na ndilo Kubik alilompa Muyinda.

Kwa namna hii ya kutaja, orodha yetu inabadilika. Wanaingia Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, na Kelly Askew, aliyeimba taarabu Tanga huku akiichunguza, na Imani Sanga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anaingia Mohamed Seif Khatib, aliyeandika kuhusu taarabu ya Zanzibar kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili. Na anaingia mtu mmoja ambaye hatujazoea kumtaja katika habari hizi.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akiwa mtoto wa watu maskini. Mwaka 1928 akasafiri na watribi wake hadi Bombay kurekodi santuri ambazo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za Kiswahili. Alipofariki mwaka 1950, kampuni zilikuwa na sauti yake na wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kupata faida yao. Aliyekaa akaandika maisha yake kwa utaratibu, alikotoka, alivyojifunza kuimba, alivyosafiri, watu walivyompokea na walivyomsema, ni Shaaban Robert. Hakuwa na shahada ya muziki na neno ethnomuzikolojia halimo katika kitabu chake. Wasifu wa Siti binti Saad umesomwa shuleni kama fasihi, katika somo la Kiswahili. Mwalimu wa muziki anayetafuta kitabu cha kwanza cha utafiti wa muziki kilichoandikwa kwa lugha yetu anaweza kukichukua hichohicho, akakipeleka darasani kwake.